"Kwa Mara ya Kwanza Afrika"? Acheni Usanii!

Wadau, leo nina hasira kidogo. Mnivumilie.

Tangu Desemba 2024, Rais Kagame aliposimama mbele ya wakubwa wa FIA mjini Kigali na kutangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mashindano ya Formula 1, kuna sentensi moja inanifuata kila nikiwasha redio. Mtangazaji anavuta pumzi, anakaza sauti, halafu anaiachia: "Kwa mara ya kwanza katika historia ya bara letu..." Mwenzake, aliyejisomea kidogo, anamsahihisha: "Kwa mara ya kwanza nje ya Afrika Kusini..." Huyu wa pili ndiye anayeniudhi zaidi. Wa kwanza hajui, na yaelekea hana mpango wa kujua. Wa pili amefungua kitabu, akasoma ukurasa mmoja, akakifunga, akaenda kunywa chai.

Kwa taarifa yenu: mashindano ya ubingwa wa dunia wa Formula 1 yalifika Afrika kabla ya kufika Afrika Kusini. Yalifika Casablanca, Morocco, tarehe 19 Oktoba 1958. Wala hayakuwa ya kupashana misuli moto. Ndiyo yaliyoamua nani awe bingwa wa dunia wa mwaka ule.

Uwanja wenyewe uliitwa Ain-Diab. Nikisema uwanja msifikirie jengo lenye geti na madirisha ya tiketi. Zilikuwa barabara za kawaida za pwani, pembeni mwa mji, zikaunganishwa hadi likapatikana duara la kilomita 7.6. Upande mmoja una bahari ya Atlantiki, upande mwingine una msitu wa Sidi Abderrahmane na barabara kuu iendayo Azemmour. Morocco ilikuwa imepata uhuru wake 1956. Nchi changa, ina mfalme anayependwa, Mohammed V, na inataka dunia ijue kwamba sasa inasimama yenyewe. Mwaka 1957 wakaandaa mbio za kujipima, zisizohesabiwa kwenye ubingwa, akashinda Mfaransa Jean Behra kwa gari la Maserati. Mwaka uliofuata wakapewa ubingwa wenyewe.

Hesabu ilikuwa hivi. Stirling Moss, Mwingereza wa timu ya Vanwall, alitakiwa ashinde, aweke mzunguko wa kasi kuliko wote (enzi hizo ulikuwa na pointi yake), na juu ya hayo aombe Mungu Mike Hawthorn wa Ferrari asimalize wa pili. Moss alifanya yote yaliyokuwa mikononi mwake. Alishinda. Pointi ya kasi akaichukua. Lakini Phil Hill, Mmarekani wa Ferrari aliyekuwa anashika nafasi ya pili, alipunguza mwendo akampisha mwenzake wa timu. Hawthorn wa pili. Pointi 42 kwa 41. Mwingereza wa kwanza kabisa kuwa bingwa wa dunia wa mchezo huu alipatia taji lake kwenye udongo wa Afrika, kwa tofauti ya pointi moja!

Na siku hiyo hiyo mtu aliungua. Stuart Lewis-Evans, kijana wa miaka 28, naye wa Vanwall, injini yake ilikwama ghafla akiwa kwenye mwendo mkali. Gari likatoka barabarani, likashika moto. Wakampeleka Uingereza kwa ndege, akafariki tarehe 25 Oktoba, siku 6 baadaye. Meneja wake alikuwa Bernie Ecclestone, ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuishika Formula 1 kiganjani kwa miongo kadhaa. Hawthorn alistaafu, na Januari 1959 akafa kwa ajali kwenye barabara ya kawaida kwao Uingereza. Tony Vandervell, mwenye timu ya Vanwall, ambaye mwaka ule alikuwa ndiye mshindi wa kwanza wa ubingwa wa watengenezaji, alivunjika moyo, na timu yake haikurudi tena na nguvu zile.

Ubingwa wa kwanza wa Mwingereza, ajali iliyoua, moto, na mtu mmoja kumpisha mwenzake. Vyote mchana mmoja, Casablanca. Ukienda leo Ain-Diab utakuta mahoteli, migahawa, majumba ya wenye nazo na vijana wakielekea ufukweni. Mashindano ya ubingwa hayakurudi tena pale baada ya siku ile.

Sasa linganisheni. Ufaransa, nje kidogo ya mji wa Reims, kuna kijiji kinaitwa Gueux. Katikati ya mashamba, kando ya barabara ambayo malori yanapita kila siku, kuna majukwaa na vibanda vya mafundi wa magari ya mbio. Formula 1 ilipita pale kwa mara ya mwisho mwaka 1966. Hakuna tena kinachoshindaniwa. Lakini majengo yamesimama, kuna chama cha wapenzi kinachojitolea kupaka upya rangi ya matangazo ya zamani ukutani, na watu wanasimamisha gari, wanashuka, wanapiga picha. Uingereza wana Brooklands, uwanja uliofunguliwa 1907 na kufungwa vita vilipoanza 1939, eneo likabaki la viwanda vya ndege. Kipande cha ile barabara ya zege iliyolala kama ubavu wa kilima bado kipo, na makumbusho iko hapo hapo. Ujerumani wana AVUS ya Berlin, ambayo leo ni barabara kuu ya watu kwenda kazini, na bado jukwaa la zamani liko pale kando wanaliona wakipita.

Hawa ndugu wamejaa huko kwenye intaneti, wanalia viwanja vyao vilivyopotea. Nawaheshimu, nimejifunza mengi kwao. Watakueleza kila kona ya Ubelgiji, kila mti uliogongwa Italia na mwaka uliokatwa. Lakini angalieni wakifika Afrika: mistari miwili, picha moja ya ngamia, wamemaliza. Na sisi ambao ingekuwa juu yetu kuandika mistari ya tatu na ya nne, tupo tunasema "kwa mara ya kwanza".

Rudini nyuma zaidi basi, mpaka Libya ya Waitaliano.

Nje ya Tripoli, kuzunguka bonde la chumvi la Mellaha, kulikuwa na barabara ya mbio ya kilomita 13, na zamani zile ilihesabiwa miongoni mwa barabara za kasi kuliko zote duniani. Mzunguko huo ulizinduliwa 1933. Ili kulipia gharama waliunganisha mbio na bahati nasibu: unanunua tiketi, na tiketi iliyobahatika inapewa jina la dereva. Dereva wako akishinda, umetajirika. Kosa lao mwaka ule wa kwanza lilikuwa kuchezesha droo siku kadhaa kabla ya mbio, kwa hiyo wenye tiketi walijua madereva wao mapema, na madereva wakajua wenye tiketi. Achille Varzi alimshinda Tazio Nuvolari kwa upana wa unyoya, na tangu hapo hadithi ya kwamba mbio zilipangwa haijaisha. Wengine wanasema ulikuwa wizi mtupu, wengine wanasema ni porojo za wapenda visa. Mimi naangalia kitu kimoja tu: mwaka uliofuata waandaaji walibadilisha utaratibu, droo ikachezeshwa dakika chache kabla ya magari kuondoka. Mtu hafungi mlango ambao hakusikia ukigongwa.

Halafu kuna kile kisa cha 1939 ambacho kingefaa kusimuliwa kila kijiwe cha kahawa. Waitaliano walikuwa wamechoka kushindwa na Wajerumani kwenye uwanja wao wenyewe, maana Hermann Lang wa Mercedes alikuwa ameshinda 1937 na 1938. Wakabadilisha sheria: safari hii magari ya injini ndogo tu, ya lita 1.5. Hesabu yao ilikuwa kwamba wao wanayo magari hayo na Mjerumani hana. Mercedes wakajifungia kiwandani kimya kimya, wakaunda gari jipya kabisa, W165, kwa miezi isiyozidi minane. Wakaja Tripoli na magari mawili. La kwanza Lang, la pili Rudolf Caracciola. Waandaaji wakabaki wanatazamana.

Mbio za mwisho zilikuwa Mei 1940, akashinda Giuseppe Farina. Mwezi uliofuata Italia ikaingia vitani, na kabla ya Juni kwisha gavana Italo Balbo, mpambe mkubwa wa mashindano yale, alikuwa amekufa: ndege yake ilitunguliwa juu ya Tobruk na mizinga ya Waitaliano wenyewe. Baada ya vita Mellaha ikawa kambi ya ndege za Marekani, Wheelus. Wamarekani wakaondoka 1970. Leo panaitwa uwanja wa ndege wa Mitiga, na miaka ya karibuni tumezoea kulisikia jina hilo kwenye habari za mapigano ya wanamgambo. Abiria anayeshuka pale na begi lake anakanyaga Mellaha ile ile, na hakuna anayemwambia.

Najua, najua. Kuna mdau tayari ameshaanza kuchapa maoni yake: "Wewe kijana, hayo ni mambo ya wakoloni, yafe tu."

Tusikimbiane, tuongee. Kweli kabisa, yalikuwa mambo ya wakoloni. Omar Mukhtar alinyongwa Septemba 1931. Miaka miwili haijatimia, barabara ya Mellaha ikafunguliwa kwa bendera na bendi. Maelfu kwa maelfu ya Walibya walikufa kwenye kambi walizofungiwa jangwani upande wa mashariki, na mjini watu wananunua tiketi za bahati nasibu. Ile barabara ilijengwa ili dunia iangalie huku na isiangalie kule. Hiyo ndiyo sababu ya kuikumbuka! Nani alikwambia kukumbuka ni kusifu? Ukiifuta Mellaha hujamfutia mkoloni heshima, umemfutia ushahidi. Tukisema historia ya viwanja vya mbio Afrika iandikwe, hatusemi iandikwe na mpiga debe.

Na Afrika Kusini je? Huko ndiko kwenye somo lenyewe. Mbio za kwanza za Grand Prix ya nchi ile zilifanyika Desemba 1934 mjini East London, kwenye barabara zinazopita vitongojini, mzunguko mmoja zaidi ya kilomita 24! Akashinda Whitney Straight. Na mnajua nani aliyelianzisha wazo lile? Mwandishi wa habari. Brud Bishop, mhariri wa habari za magari wa gazeti la Daily Dispatch la pale pale East London. Hakuwa na kampuni wala wizara, alikuwa na meza ya gazeti. (Wahariri wa michezo mnaosoma hapa, salamu zenu.) Duara lile kubwa limekwisha zamani. Mwaka 1959 ulifunguliwa uwanja mfupi wa Prince George, na tarehe 29 Desemba 1962 ubingwa wa dunia ukaamuliwa tena Afrika: Jim Clark akiwa anaongoza, gari likavuja oili, Graham Hill akapita, akawa bingwa. Mara ya pili hiyo ndani ya takriban miaka minne tu. Halafu mtu anakaa studio anasema "kwa mara ya kwanza".

Karibu na Durban kulikuwa na uwanja wa Westmead. Gary Hocking, aliyekulia Rhodesia, akawa bingwa wa dunia wa pikipiki mwaka 1961, akahamia kwenye magari, alikufa pale Desemba 1962 akifanya mazoezi. Leo Westmead ni eneo la viwanda. Msumbiji, Lourenço Marques (ndiyo Maputo) walikuwa na mbio za magari ya spoti kando ya bahari. Angola walijenga uwanja wa Luanda 1972, na Nova Lisboa, ambayo ni Huambo ya leo, walikimbia saa 6 mitaani. Mreno akafunga virago 1975, na vita vikachukua kilichobaki.

Kyalami mnaijua, kwa hiyo sitakaa sana. Ila kuna mambo mawili. Mwaka 1985 timu za Kifaransa, Renault na Ligier, ziligoma kwenda kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Waliobaki wakakimbia, Nigel Mansell akashinda, kisha Formula 1 haikurudi mpaka 1992. Iliporudi ilikuta uwanja mwingine kabisa, maana sehemu kubwa ya ule wa zamani ilishauzwa na kujengwa maofisi. Na baada ya 1993 haikurudi tena. Jambo la pili: mwaka 2014 Kyalami ilipigwa mnada. Ndiyo, mnada, kama shamba la marehemu! Ikanunuliwa kwa randi milioni 205 na Toby Venter, mtu wa Porsche kule, ambaye anapenda mbio na akaifufua. Angenyoosha mkono mwingine siku ile, leo tungekuwa tunazungumzia nyumba za kupangisha.

Mmeona mstari unaopita katikati? Tripoli ya Mfashisti, Casablanca ya mfalme mpya, Luanda ya Mreno, Kyalami ya makaburu. Kila uwanja ulijengwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuonekana. Aliyetaka kuonekana akiondoka, au akipata njia nyingine ya kuonekana, uwanja unabaki yatima. Wananchi wa jirani hawaulizwi wakati wa kujenga, na hawaulizwi wakati wa kuuza.

Sasa tuje nyumbani, maana huku ndiko kunakoniuma.

Miaka ya 1950, katika Bonde la Ufa, upande wa Nakuru na Gilgil, palikuwa na barabara ya mbio iliyoitwa Langa Langa. Walowezi walikuwa wanakutana pale mwisho wa wiki na magari yao. Hebu litamkeni jina hilo kwa sauti. Langa Langa. Mmelisikia wapi? Magazeti na redio za Kiswahili, hasa za Kenya, zikitaka kusema Formula 1 zinasema "mbio za langalanga". Hamilton ni dereva wa langalanga. Verstappen amewahi kuwa bingwa wa langalanga. Mchezo wa mabilioni ya dola, wenye wahandisi wa chuo kikuu na kompyuta zisizohesabika, unaitwa kwa Kiswahili kwa jina la kipande cha barabara huko Nakuru! Kwangu mimi hakuna maelezo mengine ya neno hili. Uwanja umekufa, lugha imeukataa msiba. Na ajabu ni kwamba anayelitamka neno hilo redioni ndiye huyo huyo anayesema mbio hizi hazijawahi kuwa kwetu. Ana ushahidi mdomoni!

Na simulizi ya Safari Rally inaanzia pale pale. Eric Cecil alimwalika binamu yake, Neil Vincent, aje akimbie Langa Langa. Vincent akakataa: kuzunguka zunguka sehemu moja kunamchosha, lakini wakiandaa kitu cha kufunga mlango wa gari, kukata nusu ya Afrika na kurudi, atakuja. Hivyo Mei 1953 likazaliwa Coronation Safari, kumpongeza Malkia Elizabeth kwa kutawazwa, likipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakati huo huo Kenya iko chini ya hali ya hatari, Kenyatta amehukumiwa mwezi uliotangulia, watu wanasombwa kupelekwa kambini. Naliandika hilo makusudi, yule mdau wa maoni asije akadhani nimelisahau.

Lakini sikilizeni kilichotokea baadaye, kwa sababu ni tofauti na Tripoli. Safari haikuwa na uwanja. Uwanja wake ulikuwa barabara zetu: Usambara, Mbulu na ule mlima wa Magara, matope ya Uganda, vumbi la Taru. Huwezi kuzungushia Usambara uzio ukauza tiketi. Watu walisimama kando ya njia bure. Gari likizama kwenye tope ni wanakijiji walioingia mpaka magotini kulisukuma. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakafika 7 tena! Na jina la mkoloni likafutwa mapema: tangu 1960 likaitwa East African Safari, likawa letu.

Likatoa watu wake. Joginder Singh, mtoto wa Kericho, alishinda 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo kuukuu waliyonunua ikiwa imeshatumika, kisha akashinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404 (ndiyo maana wazee wenu hawakubali kusikia gari lingine likisifiwa). Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973 alilingana adhabu na Msweden Harry Källström hadi ikabidi waangalie nani alikaa muda mrefu zaidi bila kosa ndipo Mehta akapewa ushindi. Akashinda tena mara 4 mfululizo, 1979 mpaka 1982. Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994. Waulizeni vijana wa leo hayo majina. Watakutajia fundi wa matairi wa Ferrari kabla ya kumjua Joginder.

Mwaka 1972 Safari ilianzia hapa Dar es Salaam. Dar! Mshindi alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Kuanzia 1974 likabaki la Kenya peke yake, na neno "East African" likaanguka kwenye jina, miaka mitatu kabla Jumuiya yenyewe haijavunjika. Nadhani huo ndio msiba mkubwa kuliko Ain-Diab, maana ilikuwa moja ya vitu vichache ambavyo mtu wa Lushoto, wa Mbarara na wa Machakos walivisubiri pamoja siku ile ile ya Pasaka. Likatolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, likarudi 2021 kule Naivasha. Hongera Kenya. Lakini hapa kwetu, kwenye mlima Magara, nionyesheni kibao kimoja. Kimoja tu.

Miaka michache iliyopita nilipeleka habari hii kwa mhariri mmoja, gazeti silitaji. Nikaomba nauli ya kwenda Mbulu na Lushoto kuwahoji wazee waliosukuma yale magari. Akaniuliza: "Angle yako ya leo ni ipi?" Nikamwambia wazee wanakufa, hiyo ndiyo angle. Akacheka, akanituma kwenye uzinduzi wa duka la simu. Naam, nilikwenda. Kodi ya nyumba haisubiri historia.

Kwa hiyo turudi Kigali, au Kyalami, maana nao wanaomba, au popote patakaposhinda. Mimi sipingi. Nitanunua tiketi nikiweza, na nitapiga kelele kama chizi. Ninachopinga ni hii lugha ya "kwa mara ya kwanza", kwa sababu lugha hii ina kazi yake. Ukisema ni mara ya kwanza, hakuna wa kukuuliza zile za nyuma ziliishaje. Hakuna wa kuuliza ardhi inakuwa ya nani mkataba ukiisha, nani analipa lami isiyokimbiwa mwaka wa pili, na kama watoto wa mtaa wa jirani wataruhusiwa kuingia na kati zao siku ambazo hakuna Ferrari. Casablanca ilipata mchana mmoja. Mwaka mzima wa maandalizi, fahari ya taifa, mchana mmoja! Huo mfano uko mezani, bure, hauhitaji mshauri kutoka ng'ambo. Mwandishi anayeujua atauliza swali. Asiyeujua atapiga makofi, atapewa kofia ya wadhamini, atapanda basi la waandishi kurudi hotelini.

Na tafadhali msiniambie kumbukumbu hazipo. Zipo kwenye masanduku chini ya vitanda. Picha za Pasaka ya 1972, magari yakiondoka Dar, zimo humu mjini, kwenye albamu zenye kurasa zinazonatana. Kama babu au mjomba wako alisimama kando ya barabara Lushoto, Korogwe, Mbulu, Moshi, Masaka au Voi, mfuate wiki hii na kalamu. Muulize ilikuwa barabara gani, kona gani, gari gani lilizama na nani walilisukuma. Picha igeuze nyuma uandike mwaka na mahali, kwa kalamu ya risasi isiharibu. Halafu leta hapa, nitaziweka moja moja kwa jina la mwenye picha. Ninayo moja tayari ya kuanzia: Peugeot 404 nyeupe, matope mpaka kwenye kioo, na nyuma yake kuna vijana wanne wenye kaptula wanasukuma. Namba ya gari inasomeka vizuri. Majina ya wale wanne ndiyo ninayoyatafuta.